Imunotherapi: mgonjwa akichomwa dripu Dar na kurudi Tanga, inchaji aandae nini?

SistaChumbageni

Habari za kazi wakuu. Wakubwa mliomo humu, shikamooni.

Naulizia jambo la kikazi. Wagonjwa wa saratani wa mkoa wetu wanaoanzishiwa dawa za kuamsha kinga (pembrolizumabu, nivolumabu, atezolizumabu na ndugu zake) wanachomwa dripu Dar es Salaam, wengine nje ya nchi, kisha wanapanda basi kurudi Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe, hadi Lushoto. Zile wiki 3 au 6 za katikati wako mikononi mwetu. Wauguzi wengi wamezoea kemo (dawa zinazoua chembe za saratani moja kwa moja), wanangoja kutapika, nywele kunyonyoka na chembe nyeupe kushuka. Huyu wa imunotherapi anakuja hana hata kimoja kati ya hivyo, anaambiwa yuko vizuri, anarudishwa nyumbani.

Nimepewa kazi ya kuandaa utaratibu wa kitengo. Naomba wenye uzoefu wa ngazi ya mwandamizi wanisaidie mambo matatu: nini kiulizwe na kupimwa kabla ya kila dozi, simu ikipigwa usiku muuguzi wa zamu aamue vipi, na siku dawa itakapoanza kutolewa hapahapa mkoani, makosa gani ya kuchanganya na kuchoma tuyakwepe. Nadharia ya chembe T tumeshaisoma, naomba tuiruke.

---

Mzee_wa_Wodi

Marahaba sista. Nianze na la kwanza, kwa sababu ukilipatia hilo mengine yanapungua uzito.

Dawa hizi zinaiachia kinga breki. Kinga iliyoachiwa haichagui: leo ngozi, kesho utumbo, ini, mapafu, tezi ya shingo, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, viungo, figo, na mara chache moyo. Anachougua mgonjwa hapo ni kinga yake kumshambulia mwenyewe, na kinachotuliza ni steroidi (dawa za kupoza kinga). Ukikaa kungoja "dawa iishe mwilini" utangoja sana, maana kingamwili hizi hukaa mwilini wiki nyingi na kinga iliyoamka haina haraka ya kulala.

Kwa wengi ngozi ndiyo huanza, ndani ya wiki 2 hadi 6. Utumbo na ini hufuata, mara nyingi kati ya wiki ya 5 na ya 14. Tezi huchelewa zaidi. Moyo ni nadra, ila ukitokea huja mapema, aghalabu ndani ya miezi 3 ya kwanza, na unaua. Kuna madhara yanayochipuka miezi mingi baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo waambie watu wa mapokezi wasiulize "unatumia dawa gani sasa". Waulize: "Umewahi kuchomwa dripu ya saratani? Inaitwaje, na ya mwisho ilikuwa lini?"

Kabla ya dozi ya kwanza andika kwenye faili hali yake ya kawaida: anaenda choo mara ngapi kwa siku, analala na mito mingapi, uzito, presha, oksijeni akiwa amekaa na oksijeni baada ya kutembea ukumbini dakika chache, ngozi ikoje, maumivu gani ya viungo tayari anayo. Bila hiyo huwezi kupanga madaraja baadaye. Daraja la kuharisha linahesabiwa juu ya kawaida ya mtu mwenyewe: kuzidisha chini ya mara 4 kwa siku ni daraja la 1, mara 4 hadi 6 ni la 2, mara 7 au zaidi ni la 3. Mtu wa mara 1 akienda mara 6 yuko daraja la 2. Wa mara 3 akienda hizohizo 6 yuko daraja la 1. Wanaenda choo sawa lakini uamuzi wao haufanani.

Vipimo vya mwanzo: picha kamili ya damu, kreatinini (kipimo cha figo), chumvi za damu, vipimo vya ini, sukari, TSH na T4 huru (vya tezi ya shingo), VVU, homa ya ini B (antijeni ya juu na kingamwili ya kiini, vyote viwili) na C, uchunguzi wa kifua kikuu, ECG (mchoro wa umeme wa moyo), na kipimo cha ujauzito kwa anayehusika. VVU peke yake haimzuii mtu kupata dawa hizi kama anameza dawa zake vizuri. Mwenye homa ya ini B anaanzishiwa au anaendelezwa dawa za kirusi. Baada ya hapo, kila dozi: picha ya damu, ini, kreatinini, chumvi, sukari. Tezi ya shingo kila wiki 4 hadi 6.

Sasa namna ya kuuliza. Kwetu pwani ukimuuliza mtu mzima "una tatizo lolote?" atakujibu "sijambo, alhamdulillah", hata kama usiku kucha hakutoka chooni. Uliza kwa idadi. Jana umeenda choo mara ngapi? Usiku umeamka kwenda? Kulikuwa na damu au makamasi? Ulipopanda ngazi au kilima ulisimama njiani? Kichwa kinauma tofauti na zamani? Kope zinashuka, unaona vitu viwiliviwili, chakula kinakwama? Kiu na mkojo vimezidi? Na mkeo au mumeo anasema umebadilika? Hilo la mwisho limekaa kama maongezi tu, ila uchovu wa tezi kushindwa kazi mara nyingi wa nyumbani ndio wanaouona kwanza.

Muuguzi mwandamizi apewe mamlaka ya maandishi ya kushikilia dripu hadi daktari aone, bila kuomba radhi kwa mtu. Mimi ningeweka hivi: ALT au AST (vipimo vya ini) zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, choo kimezidi kwa mara 4 au zaidi, kreatinini imepanda mara 1.5 ya ile ya mwanzo. Pumzi mpya fupi, kikohozi kipya au oksijeni imeshuka. Maumivu ya kifua. Udhaifu mpya wa misuli. Maumivu mapya ya kichwa pamoja na uchovu mzito. Kuchelewesha dozi wiki moja ni jambo dogo kuliko kumwongezea dawa mtu ambaye utumbo umeshaanza kuvimba. Na muwaeleze wauguzi waliotoka kwenye kemo kwamba hapa dozi haikatwi nusu. Inatolewa yote, au inashikiliwa, au inasitishwa moja kwa moja.

---

Mfamasia_Barabara13

Sista, mimi nichukue la tatu, la kuchanganya.

Kosa la kwanza litakalokuja ni la chupa. Hospitali nyingi salaini iliyopo ni ya mililita 500. Pembrolizumabu lazima iwe kati ya miligramu 1 na 10 kwa mililita baada ya kuchanganywa. Dozi ya miligramu 200 ni vichupa viwili vya mililita 4, yaani mililita 8. Ukiitia kwenye mfuko wa 100 unapata takriban miligramu 1.9 kwa mililita, sawa. Ukiitia kwenye 250 inashuka hadi 0.78, nyepesi mno. Kwenye 500 ndiyo usiseme. Agizeni mifuko ya mililita 100 mapema na iwekwe kando kwa kazi hiyo, isije ikaishia kwa paracetamol. Dozi ya miligramu 400 ya kila wiki 6 inaingia kwenye 100 au 250 bila shida.

Atezolizumabu ina tabia yake: miligramu 1200 ni mililita 20, inaingia kwenye salaini 250, na ni salaini tu. Msiitie kwenye deksitrozi. Dripu ya kwanza inakwenda dakika 60, na akiivumilia zinazofuata zinakwenda dakika 30. Pembrolizumabu ni dakika 30 tangu mwanzo.

Usitikise kichupa. Ni protini, ukiitikisa inatoa povu na kujikunja vibonge. Inamisha mfuko taratibu mara kadhaa, inatosha. Kichupa chenye rangi ngeni au chembe zinazoelea kirudi famasi.

Chujio. Pembrolizumabu inahitaji chujio la ndani ya mstari la mikroni 0.2 hadi 5, lisiloshika protini. Kuna watu watakwambia tumia seti ya kuongezea damu kwa kuwa nayo ina chujio. Hapana. Lile la damu ni mikroni 170 hadi 200, linazuia bonge la damu tu, chembe ndogo za protini zinapita. Chujio likikosekana siku hiyo, dawa isichanganywe kabisa. Ikishachanganywa saa zinahesabika: saa 6 nje ya jokofu, ukijumlisha na muda wa dripu yenyewe, au hadi saa 96 ndani ya jokofu la nyuzi 2 hadi 8.

Matone, kwa sehemu ambazo hazina pampu: mililita 108 kwa dakika 30, seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 72 kwa dakika. Seti ya matone 15, ni 54. Someni pakiti ya seti kabla, hazifanani. Dawa ikiisha kwenye mfuko msing'oe. Mpira wa dripu unabeba karibu mililita 20, na kwenye mfuko wa 108 hiyo ni zaidi ya moja ya sita ya dozi, miligramu 35 na ushee za dawa ghali zinaenda kwenye ndoo. Sukumieni salaini kwa mwendo uleule mpaka mpira usafike.

Jokofu nalo. Mliotoka kwenye chanjo mnalijua hili: kifurushi cha barafu kilichotoka kwenye friza moja kwa moja kinagandisha kilicho jirani. Kiacheni nje hadi ukikitikisa usikie maji, ndipo kiingie kwenye kasha la kusafirishia, na boksi la dawa lisigusane nacho. Dawa iliyoganda haifai hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Umeme ukikatika mlango usifunguliwe, kipimajoto kisomwe, muda uandikwe, na famasi ndiyo iamue.

---

Tabibu_Pangani

Asante wakuu, somo zuri. Ila huku chini kwenye vituo vya afya tuambieni la kufanya kwa lugha yetu. Mgonjwa anakuja na homa na kuharisha, mRDT (kipimo cha haraka) imesoma malaria. Kawaida ni ALu (dawa mseto ya malaria), ORS, siprofloksasini na loperamaidi, arudi baada ya siku 3. Kuna ubaya gani?

---

Mzee_wa_Wodi

@Tabibu_Pangani ubaya uko kwenye zile siku 3, kaka.

Malaria mpe dawa, sawa kabisa. Lakini mRDT hubaki ikisoma chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwa hiyo haikwambii kuwa kuharisha kunatoka hapo. Anaweza kuwa na vyote viwili. Loperamaidi nayo inapunguza idadi ya choo wakati utumbo unaendelea kuvimba, halafu wewe unayehesabu madaraja unapata hesabu ya uongo. Isitolewe kabla ya choo kupimwa na kabla ya kuongea na kitengo.

Fanya hivi. Chukua choo, darubini ya amiba na minyoo, na kama maabara ya wilaya inaweza kukuza vijidudu ipelekwe. Damu ya chumvi na kreatinini. Mpe maji. Piga simu siku hiyohiyo. Daraja la 2 lisilotulia ndani ya siku 3, au daraja lolote lenye damu, homa au tumbo kuuma sana, ni la kulazwa au kuanzishiwa predinisoloni (steroidi ya vidonge) na daktari, miligramu 1 kwa kilo. Daraja la 3 analazwa na kuwekewa steroidi ya mshipa, na majibu ya kukuza choo yatakuja yakimkuta ameshaanza. Kungoja majibu ya maabara siku 4 huku mtu anaenda choo mara 10 ndiko kunakotoboa utumbo.

Na steroidi ikishaanza usidanganywe na tumbo laini. Inaficha dalili. Mapigo kwenda mbio, presha kushuka na tumbo kujaa gesi ghafla, mpasuaji aitwe hata kama hakuna ugumu wa tumbo.

Jambo jingine la ukanda wetu: kabla ya steroidi ya dozi kubwa, au pamoja nayo, fikirieni strongiloidi. Mnyoo huyu akikuta kinga imelazwa kwa steroidi anasambaa mwili mzima. Ivermektini ni mikrogramu 200 kwa kilo, kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 12.

---

SistaChumbageni

Mzee na Mfamasia, Mungu awabariki. Nina mawili ya kuongezea. Methaiprednisoloni (steroidi ya mshipa) haiko kila mahali, kwenye vituo vingi ni steroidi za haidrokotizoni na deksamethazoni tu. Na pili, mgonjwa akiruhusiwa na predinisoloni, ya wiki 2 ikiisha anaacha kwa kuwa amepata nafuu. Tunalizuia vipi?

---

Mfamasia_Barabara13

La kwanza ni hesabu. Methaiprednisoloni miligramu 4 = predinisoloni 5 = haidrokotizoni 20 = deksamethazoni 0.75. Mtu wa kilo 60 aliyeandikiwa methaiprednisoloni miligramu 1 kwa kilo anahitaji 60. Hizo ni predinisoloni 75, au haidrokotizoni 300 kwa siku zikigawanywa, au deksamethazoni 11 hivi. Kituo kianze na kilichopo, gari la rufaa likiwa linatafutwa. Hiyo jedwali ibandikwe ukutani kwenye chumba cha dawa.

La pili pia ni hesabu, na ndilo linaloangusha watu. Predinisoloni 60 ikishushwa kwa 10 kila wiki: 60, 50, 40, 30, 20, 10. Ni wiki 6. Jumlisha, zidisha kwa siku 7, unapata miligramu 1470. Kwa vidonge vya miligramu 5 hivyo ni vidonge 294 kwa mgonjwa mmoja, na siku za mwanzo anameza 12 kwa mkupuo. Famasi isiyoagiza mapema itampa 84 na kumwambia arudi, naye atoke Mlalo au Mkinga kufuata vingine? Harudi. Kushusha kwa haraka chini ya wiki 4 kunarudisha ugonjwa ukiwa mkali zaidi, na mtu aliyekaa wiki nyingi kwenye steroidi akiacha ghafla anaweza kuzimia kwa tezi za juu ya figo kulala.

Kwa hiyo apewe zote za kumfikisha mwisho, zikiwa kwenye bahasha 6, kila bahasha imeandikwa tarehe ya kuanza na idadi kwa siku. Asubuhi, baada ya kula. Pamoja nazo omeprazoli, na septrini ya kinga kama atakaa kwenye miligramu 20 au zaidi kwa wiki 4 na kuendelea. Sukari na presha zipimwe kila wiki kwenye zahanati iliyo karibu naye, na mdomo uangaliwe fangasi.

---

Mzee_wa_Wodi

Niongezee hapo la tezi, maana utaratibu wake ni tofauti. Tezi ya shingo ikishindwa, mgonjwa anapewa levothairoksini (homoni ya tezi hiyo) na imunotherapi inaweza kuendelea, steroidi haihitajiki. Lakini tezi ndogo ya chini ya ubongo au za juu ya figo zikiwa zimeshindwa pia, haidrokotizoni itangulie. Ukianza na levothairoksini unauharakisha mwili ambao hauna kotizoli (homoni ya tezi za juu ya figo), anaanguka. Mtu mwenye maumivu ya kichwa, uchovu wa kutoamka, presha ya chini, sukari au sodiamu ya chini: chukua damu ya kotizoli kama unaweza, kisha haidrokotizoni miligramu 100 ya mshipa palepale pamoja na salaini. Usingoje majibu, mara nyingi damu hiyo inasafiri Dar.

Hawa wa haidrokotizoni ya maisha huwa wanameza mara 2 au 3 kwa siku, na hapo ndipo Ramadhani inapoingia. Zungumzeni nao mwezi wa Shaabani, msingoje mwandamo. Kwa wengi wao kufunga ni hatari, na anayeamua ni daktari wa tezi pamoja na mgonjwa, kukiwa na maelezo ya maandishi. Kinachotokea mkinyamaza ni kwamba anafunga kimyakimya na kuruka kidonge cha mchana. Waambieni pia: ukipata homa, kila dozi iwe maradufu siku zote za homa, ukitapika vidonge, njoo uchomwe sindano.

Na msiwagombeze kuhusu mitishamba. Ulizeni kwa upole kila safari, hasa zile za "kuongeza kinga" zinazouzwa kwenye mabasi. ALT ikipanda ni lazima mjue kama ni dawa, ni homa ya ini, ni dawa za TB au ni mizizi. Mgonjwa aliyegombezwa mara moja hatakwambia tena.

---

Dada_Raskazone

Naona swali la simu ya usiku limerukwa. Nalichukua mimi.

Wauguzi wa saratani Uingereza wana jedwali la rangi la UKONS (chama chao), la kupima uzito wa dalili kwa simu, na linakubali kurekebishwa kwa mazingira. Nyekundu moja: aje sasa. Njano mbili au zaidi zihesabike nyekundu. Njano moja: ushauri, na *wewe* unampigia tena ndani ya saa 24, usimwachie yeye. Kijani: ushauri, na imeandikwa. Maswali yote yanaulizwa hata kama ameshakutajia shida yake, kwa sababu mtu wa moyo au misuli hupiga simu akilalamikia mgongo.

Nyekundu za imunotherapi nilizoziweka juu ya ukurasa: kifua kuuma au moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida, kope kushuka, kuona mawili, kushindwa kumeza, kuchanganyikiwa au usingizi mzito, choo chenye damu au kuzidi mara 7, malengelenge au ngozi kuchubuka, vidonda vya mdomoni na machoni, kiu kali, mkojo mwingi na kutapika (sukari inaweza kulipuka ndani ya siku chache kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kisukari), macho ya njano. Ile seti ya kope, misuli na kifua ikija pamoja ni ECG na troponini (kipimo cha damu cha moyo) mara moja, na steroidi yake ni kubwa, gramu 1 ya methaiprednisoloni kwa siku. Huyo hasafirishwi kwa basi.

Kikohozi kipya na oksijeni kushuka: pigeni picha ya kifua, makohozi yaende GeneXpert (mashine ya kupima TB), lakini akiwa mahututi steroidi na antibayotiki zinaanza pamoja. Homa kwa anayepata imunotherapi pekee mara chache ni ya chembe nyeupe kushuka. Kwa anayechanganyiwa na kemo mchukulie kama mgonjwa wa kemo, antibayotiki ndani ya saa 1.

Rejista ya simu iwe na safu ya dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, rangi, ulichomwambia, na saa uliyompigia tena. Simu iwe ya kitengo, ikae na inchaji wa zamu. Namba ya muuguzi mmoja inazimika akienda likizo.

Na kadi. Ya mfukoni, Kiswahili, iliyowekwa plastiki. Maneno ninayopendekeza:

"Nimechomwa dawa ya saratani inayoamsha kinga: ________. Dozi ya mwisho: ________. Dawa hii SI KEMO. Inaweza kufanya kinga ishambulie utumbo, mapafu, ini, ngozi, tezi au moyo wangu, hata miezi mingi baada ya kuacha. Nikiharisha, nikikosa pumzi, nikiwa na maumivu ya kifua au kichwa, au uchovu mkubwa, tafadhali pigeni simu hii kabla ya kuniruhusu nyumbani: ________. Msiniachishe ghafla vidonge vya steroidi."

Hiyo sentensi ya "kabla ya kuniruhusu" ndiyo muhimu. Kadi nyingi zinaandika "wasiliana na daktari wako", na kituo kinaona ni kazi ya mgonjwa.

---

KangeStendi

Mmeisahau BCG ya kibofu (inayowekwa ndani ya kibofu chenye saratani), nayo ni imunotherapi, tena hii inaweza kufika mkoani mapema kuliko hizo nyingine kwa sababu inahitaji katheta na mtu makini tu. Mara 1 kwa wiki kwa wiki 6. Isiwekwe kabla ya wiki 2 tangu kibofu kikwanguliwe, wala kukiwa na mkojo wa damu, UTI, au katheta iliyoingia kwa shida ikatoa damu siku hiyo. Ni bakteria hai, jeraha likiwepo wanaingia kwenye damu. Inakaa kibofuni saa 2. Kwa saa 6 baada ya hapo anakojoa amekaa, na chooni mnamimina jiki kiasi cha mkojo, mnaacha dakika 15 hadi 20 ndipo maji. Vyoo vya kuchuchumaa ni hivyohivyo, ila aangalie kuruka kwa matone. Mafuta ya kulainisha katheta yawe kidogo, yakizidi yanafanya bakteria washikamane vibonge.

Na kichupa cha chanjo ya watoto si mbadala! Jina ni moja, lakini kipimo kiko mbali sana na kinachohitajika kibofuni.

---

Tabibu_Pangani

@KangeStendi akipata homa baada ya hiyo BCG?

---

KangeStendi

Homa ndogo na mkojo kuwasha siku 1 au 2 ni kawaida, paracetamol na maji. Ikizidi 38.5 na kupita saa 48, au akitetemeka na presha kushuka, alazwe kwa kuhofia BCG imesambaa. Dawa ni za TB, isipokuwa pirazinamidi, kwa kuwa bakteria huyu haitikii kwayo. Na siprofloksasini msiwape kiholela kwa kila anayelalamika mkojo unawasha, maana inaua hiyohiyo BCG mliyoilipia.

---

SistaChumbageni

Nimenakili yote. Kadi nitabadilisha "uchovu mkubwa" niweke "uchovu wa kushindwa kuamka", wazee wataelewa haraka zaidi. @Mfamasia_Barabara13 nakuomba ile jedwali ya steroidi uniwekee na ya kilo 50 na 70.

---

Mfamasia_Barabara13

Kwa methaiprednisoloni miligramu 1 kwa kilo. Kilo 50: predinisoloni 62.5, haidrokotizoni 250, deksamethazoni 9.4. Kilo 70: predinisoloni 87.5, haidrokotizoni 350, deksamethazoni 13. Ikiandikwa miligramu 2 kwa kilo, zidisheni zote kwa mbili, na mtu wa pili ahakiki kabla ya kuvuta dawa.